Nyumba Njema si Mlango: Mtaa Uliofanywa Upya katika Bunilizi ya Kiswahili

Utangulizi

Wahenga walituachia methali isemayo kwamba nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Aghalabu methali hii hutumiwa kumwonya mtu anayevutwa na sura ya nje ya jambo. Katika makala haya tumekusudia kuichukua kwa maana yake ya wazi kabisa, yaani kama kauli kuhusu nyumba na wakaao ndani yake, na kuifanya kipimo cha kuhakikia usawiri wa mitaa ya ndani ya miji yetu katika bunilizi ya Kiswahili. Kwa 'mitaa ya ndani' tunamaanisha ile iliyokizunguka kitovu cha mji kwa karibu, ambayo ilianzishwa wakati wa ukoloni kwa ajili ya watu wa kipato kidogo, ikachakaa, na ambayo katika zama zetu inafanywa upya: nyumba zinabomolewa, barabara zinapanuliwa, ghorofa zinainuliwa, na aghalabu wakazi wa namna nyingine wanaingia.

Hoja yetu kuu ni kwamba bunilizi ya Kiswahili imejua kuulaani mtaa ulioharibika na imejua kuulilia mtaa unaobomolewa, lakini bado haijauandika ipasavyo mtaa unaofanywa upya hali watu wake wamo ndani. Pengo hili si la mandhari pekee. Mtaa wa ndani ndio uliokilea Kiswahili katika miji mingi ya bara, na unapogeuka pasipo bunilizi kuushuhudia, lugha yenyewe hupoteza kumbukumbu ya mahali ilipofanyia kazi zake za kila siku.

Ili kuitetea hoja hii tutajadili kazi tatu: riwaya ya Said Ahmed Mohamed, Utengano (1980), riwaya ya Adam Shafi, Vuta n'kuvute (1999), na hadithi fupi ya Said Ahmed Mohamed, 'Tumbo Lisiloshiba', iliyoupa jina mkusanyiko wa mwaka 2016. Kabla ya hapo tutatazama istilahi zinazotumika, kisha historia ya mitaa ya Nairobi ambayo msafiri wa kutoka Machakos huikuta kwanza. Mwishoni tutarejea Machakos kwenyewe.

Istilahi na Mtazamo

Mwaka 1964 mwanasosholojia Ruth Glass, alipokuwa akiichunguza London, alibuni istilahi ya Kiingereza ya kueleza namna watu wa tabaka la kati walivyokuwa wakiingia katika mitaa ya wafanyakazi, wakizikarabati nyumba kuukuu, na kodi zikipanda hata wenyeji wakalazimika kuondoka. Istilahi yake ilijengwa juu ya neno linalomtaja bwana mwenye hadhi na mali. Maana yake ni kwamba lugha hiyo iliuita mchakato mzima kwa jina la yule anayeingia.

Kiswahili kimefanya kinyume. Neno alilo nalo mkazi wa Nairobi au wa Dar es Salaam kwa jambo la aina hii ni bomoabomoa. Tukilichambua neno hili kimofolojia tunaona kwamba ni shina la kitenzi lililorudufishwa, lisilo na kiambishi cha mtenda wala cha mtendwa. Urudufishaji huo unadokeza kitendo cha mfululizo, kinachojirudia, ambacho pengine hakina mpango unaoeleweka kwa anayekitazama. Asemaye bomoabomoa amesimama nje ya chumba chake na vyombo vyake vimo barabarani. Hajamwona bado atakayekuja kukaa hapo.

Wapangaji wa miji, kwa upande wao, hupendelea vitenzi kama kuboresha, kuendeleza na kuhuisha. Vyote vitatu ni vya kutendesha. Yupo anayemfanya mwingine awe bora, yupo anayemwendeleza, yupo anayempa uhai kana kwamba awali hakuwa nao. Sarufi hii ina itikadi ndani yake, na mhakiki hana budi kuitambua kabla hajazigusa kazi za fasihi. Mpango wa kulifanya upya eneo la Ng'ambo mjini Zanzibar, ulioandaliwa katika miaka ya 2010, ulipewa jina linalojaribu kuikwepa sarufi hiyo: Ng'ambo Tuitakayo. Hapa mtenda ametajwa, naye ni nafsi ya kwanza wingi. Swali linalobaki ni kwamba kiambishi tu- kinamrejelea nani: mwenye nyumba, mpangaji wa chumba, muuza samaki wa kona, au afisa wa mipango? Baina ya bomoabomoa isiyo na mtenda na tuitakayo yenye watenda wasiobainika, hapo ndipo tunaitarajia bunilizi isimame, kwa sababu kazi yake ya msingi ni kumpa kila mtenda jina, umri na kauli.

Majina ya Kiswahili, Riwaya za Kiingereza

Msafiri atokaye Machakos kwa basi hushukia Nairobi katika kituo ambacho nacho huitwa Machakos. Kituo hicho kimepakana na Muthurwa na Barabara ya Landhies, na kuanzia hapo mitaa ya ndani ya mashariki mwa jiji hufuatana: Shauri Moyo, Pumwani, Majengo, Kaloleni, Makongeni, Ziwani, Kariokor, Bahati, Maringo. Orodha hiyo pekee ni matini ya Kiswahili. Pangani na Kaloleni ni majina ya pwani yaliyopandishwa bara. Kariokor, kama ilivyo pacha wake Kariakoo ya Dar es Salaam, ni kumbukumbu ya jeshi la wapagazi la Vita vya Kwanza vya Dunia, iliyotiwa katika ulimi wa watu waliolitumikia. Shauri Moyo ni sentensi nzima iliyokatizwa: shauri ni la moyo, nawe amua.

Jina hilo la mwisho lina historia yake. Pangani ya kwanza ilikuwa kijiji cha Waafrika chenye nyumba za Kiswahili zilizokodishwa chumba kwa chumba. Ilibomolewa mwaka 1939, na wakazi wake wakaelekezwa Shauri Moyo na Pumwani. Pumwani yenyewe ilikuwa imetengwa mwanzoni mwa miaka ya 1920 kuwa makazi rasmi ya Waafrika katika mji wa wakoloni. Miongo minane baadaye, mwaka 2020, katika eneo lenye jina lilelile la Pangani, ulizinduliwa ujenzi wa majumba ya ghorofa mahali palipokuwa na nyumba kuukuu za jiji, katika mpango wa kaunti ya Nairobi wa kuhuisha mitaa mikongwe. Kwa hiyo neno 'upya' limekwisha kutamkwa Pangani zaidi ya mara moja, na anayelitamka leo hana budi kujua kwamba ardhi ile ina masikio.

La ajabu ni hili: mitaa iliyojiita kwa Kiswahili na kuishi kwa Kiswahili iliandikiwa riwaya zake mashuhuri kwa Kiingereza. Meja Mwangi aliuchora mji wa vibarua na vyumba vya kupanga katika Going Down River Road (1976). Marjorie Oludhe Macgoye, katika Coming to Birth (1986), alimleta msichana Paulina Nairobi mwaka 1956, wakati wa Hali ya Hatari, kumfuata mumewe Martin aliyekuwa na chumba Pumwani. Paulina anapotea njia katika mji asioujua, na kupotea huko ndiko kunakomfundisha mji. Wahusika hawa wangezungumza lugha gani na jirani, na askari, na muuza chai? Msomaji anajua jibu, lakini halisikii ukurasani.

Riwaya ya Kiswahili ya Kenya, kwa upande wake, imependelea miji isiyokuwamo katika ramani. Katama Mkangi anatupeleka Walenisi (1995). Kyallo Wadi Wamitila anamsafirisha mhusika wake katika ulimwengu wa kisitiari wa Bina-Adamu! (2002), Ken Walibora anabuni Tomoko na Sokomoko katika Kidagaa Kimemwozea (2012), Assumpta Matei anabuni Wahafidhina katika Chozi la Heri (2017). Hatusemi kwamba Nairobi haimo kabisa katika riwaya hizi. Imo, lakini imefunikwa buibui. Tunachosema ni kwamba mtaa wenye jina lake halisi, kodi yake, bomba lake la maji na foleni ya choo chake ni nadra kuonekana.

Uteuzi huo una sababu zake, na si haki kuupuuza. Mkangi aliwekwa kizuizini mwaka 1986, na Abdilatif Abdalla alikuwa amefungwa tangu 1969 hadi 1972 kwa sababu ya maandishi. Mwandishi aliyeona hayo alijifunza kwamba istiari ni ngao. Aidha, istiari humwezesha msomaji wa Kisumu na wa Garissa kujiona katika kazi ileile. Hata hivyo ngao ikibebwa muda mrefu hugeuka kuwa mzigo. Mji usio na jina hauwezi kubomolewa mtaa mmoja mmoja, wala hauwezi kumuuliza mtu: hapa palikuwa na nani kabla yako?

Mlango Uliofungwa: Utengano

Katika Utengano, Said Ahmed Mohamed anatupa nyumba mbili zinazopingana. Ya kwanza ni ya Maksuudi, mtu mwenye mali na tamaa ya uongozi, ambaye amewafungia mkewe Tamima na bintiye Maimuna ndani kwa jina la heshima. Ya pili ni ile ya Mama Jeni, ambamo Maimuna anaishia baada ya kutoroka, naye huko anageuka kuwa mwimbaji na mwanamke wa kununuliwa. Nyumba ya kwanza ina mlango usiofunguliwa. Ya pili ina mlango usiofungwa.

Ustadi wa mwandishi umo katika kutuonyesha kwamba nyumba iliyofungwa imeoza ndani kabla ya ile iliyo wazi. Heshima ya Maksuudi ni ya mlangoni tu, na hapa methali yetu inathibitika. Lakini tukiitazama riwaya hii kwa jicho la mtaa tunaona mpaka wa fikra zake. Mlango ulio wazi hauna maana nyingine ila maangamizi. Mtaa wa starehe na vilabu unakuwa shimo ambalo mwanamke hutumbukia na kutolewa. Si mahali anapoweza kujenga.

Historia inatuambia zaidi. Luise White, katika uchunguzi wake wa Nairobi ya kikoloni uliochapishwa mwaka 1990, alionyesha kwamba wapo wanawake wa Pangani na Pumwani waliojipatia riziki kwa kuuza miili na huduma nyingine za nyumbani, kisha wakaweka akiba, wakajenga nyumba na kuwa wenye nyumba. Hatuyataji haya ili kuipamba biashara ile, ambayo dhiki zake zajulikana. Tunayataja kwa kuwa yanaupindua mtazamo wa bunilizi yetu. Mwanamke aliyetazamwa kama uchafu wa mtaa alikuwa miongoni mwa waliousimamisha mtaa wenyewe kwa udongo na miti. Mtaa ulipobomolewa kwa jina la usafi, mali yake nayo ilibomolewa. Mama Jeni wa Utengano ni mmiliki, lakini umiliki wake umeandikwa kama sehemu ya uovu wake. Bado hatujapata katika riwaya ya Kiswahili mwanamke wa mtaani ambaye hatimiliki yake ni kiini cha msuko.

Mlango wa Mwajuma: Vuta n'kuvute

Anayemkaribia mwanamke huyo ni Mwajuma wa Vuta n'kuvute. Riwaya hii inarudi Zanzibar ya miaka ya 1950. Yasmin, binti wa Kihindi aliyeozwa angali mdogo kwa Raza, mwanamume wa makamo anayemzidi umri kwa mbali, anaikimbia ndoa hiyo. Jamaa zake wanamkataa. Anayempokea ni Mwajuma, mwanamke maskini, mcheshi na mpenda taarabu, mkazi wa Ng'ambo. Ni katika mazingira hayo pia ndipo Yasmin anapokutana na Denge, kijana mpinga ukoloni anayesakwa na polisi.

Jiografia ya riwaya hii ni hoja kamili. Mjini, palipo na nyumba za mawe na milango ya nakshi ambayo leo hupigwa picha na watalii, ndipo Yasmin anapofungiwa nje. Ng'ambo, upande wa pili wa kilichokuwa kidaka cha maji ya bahari, palipo na nyumba za udongo, ndipo anapoambiwa karibu. Methali yetu haijapata mfano ulio wazi kuliko huo. Tena Shafi halazimishi: anaacha mlango wa Mwajuma ufunguke kwa kawaida, kama mlango wa mtu asiyejua kwamba anafanya jambo la kihistoria.

Msomaji wa historia anajua kwamba Ng'ambo hiyo haikuwa ukumbi wa ngoma tu. Mwaka 1928 wakazi wake waligoma kulipa kodi ya ardhi. Ndiko alikoishi Siti binti Saad, ambaye mwaka huohuo wa 1928 sauti yake ilirekodiwa Bombay, na ambaye Shaaban Robert alimwandikia wasifu. Starehe na siasa zilitoka katika vyumba vilevile. Shafi ameuelewa ukweli huu kuliko wengi, ndiyo maana wimbo, mapenzi na karatasi za siri za akina Denge vinaishi pamoja katika riwaya yake bila kugombana.

Hapa tunapata fundisho muhimu kwa mjadala wetu. Katika Vuta n'kuvute mtaa ndio unaomfanya mtu upya. Yasmin anajifunza Ng'ambo kutembea, kusema, kuchagua na kukataa. Wapangaji wa miji huanza na kuta na kutumaini kwamba watu watafuata. Shafi anaanza na mapokezi, na kuta zinabaki zilivyo.

Hata hivyo riwaya hii nayo ina ukimya wake. Ilichapishwa mwaka 1999, wakati Ng'ambo ya Mwajuma ilikuwa imekwisha kupasuliwa na barabara pana na majumba marefu ya Michenzani, ambayo serikali ya Mapinduzi iliyaanza karibu na mwaka 1970 kufuatia mipango iliyoandaliwa kwa msaada wa Ujerumani Mashariki. Majumba yale yalikuwa na nia njema: maji ya bomba, umeme, na hadhi kwa watu walionyimwa hadhi. Pia yaliziondoa nyumba za udongo zilizokuwa mahali pale pamoja na ujirani wake. Riwaya inasimama kabla ya yote hayo. Kwa hiyo msomaji wa 1999 alipewa mtaa ambao sehemu yake kubwa hangeweza tena kuutembea, wala hakuambiwa ulikokwenda. Filamu iliyotokana na riwaya hii mwaka 2021 nayo ilibaki katika miaka ileile ya 1950. Tumempata Mwajuma kijana. Mwajuma mzee, aliyepewa ufunguo wa chumba cha ghorofa ya tano, hatumjui.

Jitu Mkahawani: 'Tumbo Lisiloshiba'

Miaka kumi na saba baadaye, mwandishi wa Utengano anaurejea mtaa akiwa na jicho jingine. Katika 'Tumbo Lisiloshiba' wakazi wa Madongoporomoka wanaishi katika vibanda vilivyopakana na jiji linalotaka kutanuka. Mzee Mago anawazindua wenzake juu ya ardhi yao. Katika Mkahawa Mshenzi anaingia Jitu, linakula chakula chote kilichopo, na linaahidi kurudi. Baada ya chakula huja matingatinga.

Tukilinganisha na Utengano tunaona hatua kubwa. Mlango ulio wazi si tena mlango wa danguro. Ni mlango wa mahali pa kula, ambapo maskini humlisha maskini mwenzake. Jitu linauingia mlango huo kwa sababu uko wazi, na hapo pana uchungu wa kweli: ukarimu wenyewe ndio unaomwingiza mlaji. Jina Madongoporomoka nalo ni la kukumbukwa. Limebeba udongo na kuporomoka kwake kwa pamoja, kana kwamba mtaa umezaliwa na hukumu yake mdomoni. Hata hivyo watu wake hawakubali kuhukumiwa. Hadithi inawaonyesha wakisimama imara mbele ya nguvu ya dola.

Kwa maelfu ya wanafunzi wa shule za sekondari nchini Kenya waliousoma mkusanyiko huu kama kitabu teule, hii ndiyo hadithi waliyosomeshwa kuhusu kufanywa upya kwa mitaa. Kwa sababu hiyo ni lazima tuihakiki kwa ukali unaostahili. Udhaifu wake, kwa maoni yetu, umo katika Jitu lenyewe. Ulaji umefanywa mwili mmoja mkubwa unaotoka nje ya mtaa. Katika Pangani, katika Shauri Moyo, katika mtaa wowote unaofanywa upya, mlaji hana mwili mmoja. Yumo mwenye nyumba ambaye ameishi hapo miaka arobaini na anataka kuuza. Yumo dalali aliyezaliwa mtaani. Yumo mpangaji aliyepanga chumba kisha akakipangisha kwa mwingine kwa bei ya juu. Zaidi ya wote, yumo mama ambaye amechoka kuamka saa kumi za usiku kupanga foleni ya choo, anayelitaka ghorofa kwa moyo wake wote, na anayeogopa kwamba jina lake halitakuwamo katika orodha.

Mama huyu hayumo Madongoporomoka. Akiwekwa pale hadithi itatikisika, kwa kuwa hataweza kulichukia Jitu bila kusita. Kutokuwapo kwake kunaifanya hadithi iwe na nguvu ya maandamano, lakini kunainyima nguvu ya uchunguzi. Uhalisia tunaoutaka hauanzi na swali la nani mbaya. Unaanza na swali la mtu mwema anayetaka mambo mawili yasiyopatana.

Hodi na Geti: Machakos na Mtindo Mpya wa Maisha

Machakos ilikuwa kituo cha utawala wa Waingereza tangu 1889, kabla Nairobi haijawa mji. Reli iliyofika Nairobi mwaka 1899 haikupita hapa, na mji ukakua polepole, watu wake wakienda kutafuta kazi katika mitaa ile tuliyoitaja. Tangu kuanza kwa serikali za kaunti mwaka 2013 mwendo umebadilika. Uwanja wa Kenyatta umekarabatiwa, bustani iitwayo People's Park imefunguliwa, na Machakos imekuwa miongoni mwa miji iliyoingizwa katika mradi wa kitaifa wa kuboresha makazi yasiyo rasmi, KISIP, ulioanza mwaka 2011. Machakos si Nairobi, lakini maswali ya Pangani yamekwisha kupanda basi na kushuka hapa.

Mabadiliko yanayomhusu mhakiki wa fasihi si ya lami na taa pekee. Ni ya mtindo wa maisha, na mtindo wa maisha ni lugha. Tuchukue mfano mmoja. Katika mtaa wa vyumba vya kupanga mgeni husimama mlangoni na kusema hodi. Hodi ni kauli yenye kanuni: hurudiwa hadi mara tatu, hujibiwa karibu, na asiyejibiwa huenda zake. Tamthilia ngapi za Kiswahili zinafungua onyesho kwa neno hilo? Riwaya ngapi hugeuza mkondo wake kwa hodi ya usiku? Ni chombo cha msuko ambacho Kiswahili kilikirithi kutoka katika umbo la nyumba zake.

Katika mtaa uliofanywa upya hodi inakosa mahali. Milango mingi imezungushiwa ukuta wenye geti moja. Getini yupo mlinzi na daftari. Mgeni huandika jina, namba ya kitambulisho na nyumba aendayo, kisha hupigiwa simu mwenyeji. Afikapo mlangoni amekwisha kutangazwa. Kauli iliyokuwa ya mgeni na mwenyeji imekuwa ya mlinzi na mwenyeji. Mlinzi huyo, ambaye yumkini alizaliwa katika vibanda vilivyokuwa hapo, ndiye sasa anayeamua nani ni mtu wa mtaa. Hatujui riwaya ya Kiswahili iliyompa usimulizi, ingawa hakuna anayeujua mtaa mpya kuliko yeye: anazijua saa za kila mtu, anamjua anayepokea wageni asiotaka waandikwe, na anajua ni nani kati ya wakazi wa zamani alirudi na ni nani aliishia kuangalia kwa mbali.

Wapo watakaosema kwamba tunaomboleza umaskini, na kwamba geti limeleta usalama ambao mtaa wa zamani haukuwa nao. Hoja hiyo ni ya kweli, na mtu aliyewahi kuvunjiwa mlango haishangai. Ndiyo sababu hatuitaki bunilizi ililie geti. Tunaitaka ilisimulie, ihesabu alichopata mtu na alichotoa, na imwachie msomaji hesabu hiyo mkononi.

Hitimisho

Tumejaribu kuonyesha kwamba bunilizi ya Kiswahili ina milango mitatu ya kuingilia mtaa wa ndani. Utengano inatupa mlango uliofungwa kwa jina la heshima, na mlango ulio wazi kwa jina la uovu. Vuta n'kuvute inatupa mlango wa mapokezi, lakini inausitisha wakati kabla mtaa haujavunjwa. 'Tumbo Lisiloshiba' inatupa mlango unaovamiwa, lakini inamweka mvamizi nje kabisa ya jamii. Mlango wa nne, ule wa mtu anayekabidhiwa ufunguo mpya katika ardhi aliyoizoea, haujafunguliwa.

Kwa wanafunzi wetu wa uzamili kazi iko wazi, nayo inawezekana kufanywa kabla ya riwaya hiyo kuandikwa. Masimulizi ya wazee wa Majengo, Kaloleni na mitaa ya Machakos yakusanywe kwa lugha waliyoyaishi, si kwa tafsiri. Majina ya njia, ya vilabu, ya vikundi vya ngoma na ya wenye nyumba wa kike yaandikwe pamoja na miaka yake. Istilahi za upangaji wa miji zihakikiwe kama matini nyinginezo. Tukilifanya hilo, mwandishi atakayekuja atakuta udongo wa kujengea.

Kwa waandishi ombi letu ni dogo. Miji ya kubuni imetufaa na itaendelea kutufaa. Lakini Shauri Moyo ipo, Pumwani ipo, na Machakos ina mitaa yenye majina. Inapofanywa upya, na iandikwe kwa majina hayohayo, na mhusika mmoja aachwe asimame mbele ya jengo jipya na ufunguo mkononi, akisita kama agonge au aingie tu, maana si hakika bado kama yeye ni mwenyeji au mgeni.